Ufunguo Uliofichwa: Historia ya Dawa ya Malale

Kila dawa iliyoundwa kwa mkono wa mwanadamu ina historia mbili. Moja ni ya ugonjwa uliofanya dawa hiyo itafutwe. Ya pili ni ya kazi ya mkemia, aliyechukua vitu duni akaviunga kimoja kwa kimoja hata akapata kitu ambacho maumbile hayakupata kukifanya. Historia ya kwanza huandikwa na matabibu. Ya pili hukaa katika vitabu vya kemia, ambavyo wasomaji wake ni wachache. Lakini iko dawa moja ambayo historia zake mbili haziwezi kutengwa bila ya zote mbili kuharibika. Dawa hiyo ilizaliwa Ujerumani katikati ya vita kuu ya kwanza. Muundo wake ukafichwa. Ikasemwa kuwa ni ufunguo wa Afrika. Kisha ikafichuliwa mjini Paris mwaka 1924 na mtu ambaye silaha zake zilikuwa kusoma na kuunga. Wagonjwa walioihitaji walikuwa wakiishi kando ya maziwa na mito ya Afrika, wala katika mabishano yote yaliyofanywa juu ya dawa hiyo hakuna aliyewauliza neno.

Malale ni ugonjwa wa zamani katika bara la Afrika. Huletwa na vimelea vidogo vya damu viitwavyo tripanosoma, ambavyo mbung'o huvichukua kutoka kwa mtu au mnyama mwenye navyo na kuvitia katika mwili wa mtu mzima wa afya. Mwanzo mgonjwa hupata homa, maumivu ya kichwa na uvimbe wa tezi. Baadaye vimelea huingia katika ubongo. Mtu husinzia mchana na kukesha usiku, hubadilika tabia hata jamaa zake wasimtambue, na asipotibiwa hufa. Namna mbili za vimelea hivyo huwapata watu: ya magharibi na kati ya Afrika, ambayo hula mwili polepole kwa miaka; na ya mashariki na kusini, ambayo huua kwa majuma au miezi michache.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini ugonjwa huu uliingia pwani za kaskazini za Ziwa Viktoria kwa ukali usio kifani. Madaktari wa hospitali ya Mengo waliutambua mwaka 1901; Waganda waliuita mongota. Mwaka 1902 na 1903, huko Entebbe, Aldo Castellani aliviona vimelea katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na David Bruce akaonyesha kwamba mbung'o ndiye mchukuzi. Kujua chanzo, hata hivyo, si kupata dawa. Katika miaka michache watu wapatao laki mbili au zaidi walikufa katika Busoga, Buganda na visiwa vya ziwa. Tangu 1906 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu kutoka ufukoni, na mwaka 1909 wakazi wa visiwa vya Sese nao wakahamishwa, wakaacha migomba na makaburi yao.

Katika visiwa hivyo vya Sese, kabla havijahamwa, ndiko dawa ya kwanza iliyotengenezwa na wakemia ilikojaribiwa juu ya malale kwa watu wengi. Mwaka 1906 Robert Koch, tabibu mkuu wa Ujerumani aliyekwisha kupewa tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla, alikuja Afrika Mashariki akapiga kambi Sese. Alikuwa na dawa iitwayo atoxyl, iliyounganishwa na Mfaransa Antoine Béchamp mwaka 1859 kutokana na anilini na aseniki. Mwaka 1905 Wolferstan Thomas na Anton Breinl wa Liverpool walikuwa wameonyesha kwamba dawa hiyo huangamiza tripanosoma katika wanyama. Jina atoxyl lilibuniwa kumaanisha kitu kisicho na sumu. Koch aliwapiga sindano wagonjwa zaidi ya elfu moja, na mwanzo matokeo yalikuwa kama muujiza: vimelea vilitoweka katika damu, na watu waliokuwa wamelala wakainuka. Lakini baada ya miezi vimelea vilirejea. Koch alipoongeza kipimo ili kuzuia marejeo hayo, baadhi ya wagonjwa walipofuka, na macho yao hayakuona tena. Hata hivyo dawa haikuachwa. Katika upande uliotawaliwa na Wajerumani, kambi za wagonjwa zilifunguliwa Kigarama na Shirati, na atoxyl ikaendelea kutumiwa. Wengi walikuja kutafuta uzima, na wengi walitoroka walipoona mambo yalivyo.

Habari ya Sese ilikuwa msiba kwa waliopofuka. Kwa wakemia ilikuwa swali. Kwa nini dawa moja iue vimelea na mishipa ya macho pamoja? Je, yawezekana kuvitenganisha viwili hivyo? Jibu lilitaka kwanza muundo wa atoxyl ujulikane barabara, na hapo ilionekana kwamba wakemia walikuwa wamekosea karibu nusu karne. Mwaka 1907 Paul Ehrlich na msaidizi wake Alfred Bertheim, huko Frankfurt, walithibitisha kwamba muundo ulioandikwa vitabuni haukuwa wa kweli, na kwamba molekuli ya atoxyl ina kundi la naitrojeni lililo huru, ambalo mkemia aweza kulishika kama mtu ashikavyo mpini wa jembe na kuunga juu yake vitu vingine. Kutokana na mpini huo yalitoka mamia ya viumbe vipya, na kimoja, chenye nambari 606, kikawa dawa ya kaswende mwaka 1910. Hapo ndipo kanuni ya kazi hii ilipothibitika: asiyejua muundo hubahatisha, na ajuaye muundo anaweza kurekebisha.

Lakini dawa ya malale iliyo bora haikutoka katika aseniki. Ilitoka katika rangi za nguo. Viwanda vya Ujerumani vilikuwa vimetajirika kwa kufanya rangi kutokana na lami ya makaa ya mawe, na Ehrlich alikuwa ameona tangu ujana wake kwamba rangi fulani hushika sehemu fulani tu za mwili na kuacha nyingine. Ikiwa rangi yaweza kuchagua, aliwaza, basi yaweza kuchagua kimelea na kumwacha mgonjwa. Mwaka 1904 yeye na Mjapani Kiyoshi Shiga waliponya panya wenye tripanosoma kwa rangi nyekundu, ambayo tangu hapo ikaitwa nyekundu ya tripani. Nguvu yake ilikuwa ndogo, na juu ya tripanosoma nyingine haikufaa kitu. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

Félix Mesnil na Maurice Nicolle, wa Institut Pasteur ya Paris, waliingia katika mlango huo. Waliomba rangi kutoka kiwanda cha Bayer kilichokuwa Elberfeld, wakazijaribu moja moja juu ya wanyama, na mwaka 1906 wakatoa habari ya rangi ya buluu iliyozidi ile nyekundu kwa nguvu, pamoja na nyingine ya zambarau iliyoitwa afridol. Jambo hili ni la kukumbukwa, maana baadaye watu walizungumza kana kwamba dawa ya malale ilichipuka katika ardhi ya taifa moja tu. Kumbe mbegu yake ilipandwa na Wajerumani waliofanya rangi na Wafaransa waliozijaribu, kabla vita haijawagawanya.

Rangi hizo zilikuwa na aibu moja isiyovumilika. Mnyama aliyetibiwa kwa buluu ya tripani aligeuka buluu, ngozi na nyama pia. Ng'ombe aweza kusamehewa, lakini ni nani atakayekubali kuponywa na kubaki na rangi hiyo kwa miezi? Tena rangi ilimzuia tabibu asiweze kuona dalili katika ngozi ya mgonjwa. Kwa hiyo Wilhelm Roehl, tabibu aliyewahi kufanya kazi na Ehrlich kabla ya kuajiriwa na Bayer, na wakemia Bernhard Heymann, Oskar Dressel na Richard Kothe, walijitia katika kazi iliyoonekana kama kichekesho: kutafuta rangi isiyo na rangi.

Fikira yao inaweza kuelezwa kwa maneno machache. Rangi za namna ile hupata rangi yake kwa sababu sehemu za molekuli zimeshikamanishwa na jozi za atomi za naitrojeni, na jozi hizo hunyonya sehemu ya mwanga. Afridol ilikuwa na jozi hizo, lakini katikati yake ilikuwa pia na kiungo cha yurea, yaani kundi dogo la kaboni, oksijeni na naitrojeni, lililozishika nusu mbili za molekuli zifananazo kama mabawa mawili ya ndege. Je, kama jozi zile za naitrojeni zikiondolewa na mahali pake pakawekwa viungo vya namna nyingine visivyonyonya mwanga, huku yurea ikabaki katikati na mabawa yakabaki pande zote mbili? Walijaribu, na rangi ikatoweka bila ya nguvu ya kuponya kutoweka. Tangu 1913 hati za hataza za kiwanda zilianza kutaja viumbe vya ukoo huo mpya.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya subira. Mkemia huanza na naftalini itokayo katika lami, iliyokwisha kutiwa makundi matatu ya asidi ya salfa, ili kitu kiyeyuke katika maji, na kundi moja la naitrojeni la kushikia. Juu ya kundi hilo huunga pete moja ya benzini yenye kundi jingine la naitrojeni lililofungwa kwa oksijeni. Kisha huondoa oksijeni ile ili naitrojeni iwe tayari kushika. Huunga pete ya pili, na kuifungua vivyo hivyo. Sasa ana bawa moja. Hatua ya mwisho ni kuchukua mabawa mawili na kuyashikamanisha kwa gesi ya fosjini, ambayo huacha yurea katikati. Kwa jumla ni hatua tano juu ya asidi ya kwanza, na kila hatua yaweza kufanywa kwa njia nyingi: pete ziwe moja au mbili au tatu, kundi la salfa likae hapa au pale, pawe na tawi dogo la pembeni au pasiwe. Kila badiliko ni kiumbe kipya, na kila kiumbe kipya hukabidhiwa Roehl ili akipime kwa panya. Mamia yalifanywa hivyo, mengi yakatupwa. Ajabu ni kwamba gesi ile ile ya fosjini, iliyofunga mabawa ya dawa hii, ilikuwa ikiua askari katika mahandaki ya Ulaya tangu mwaka 1915.

Katika miaka ya 1916 na 1917, vita ikiendelea, kilipatikana kiumbe kimoja kilichozidi ndugu zake wote. Kilikuwa unga mweupe, mwepesi kuyeyuka katika maji, usio na aseniki wala madini yoyote ya sumu. Panya waliokuwa karibu ya kufa waliponywa kwa kipimo kidogo, na kipimo kilichokuwa cha hatari kilikuwa mbali sana na kile cha kuponya. Tena kilikaa katika damu kwa muda mrefu: leo inajulikana kwamba hujishika na protini za damu, na nusu yake huwa bado imo mwilini baada ya siku 40 na zaidi. Kiliitwa Bayer 205, jina ambalo halikueleza kitu. Muundo wake haukutangazwa.

Kuficha huko kulikuwa na sababu ambazo mwanahistoria hana budi kuzipima kwa haki. Vita ilipokwisha, kampuni za Kijerumani zilikuwa zimenyang'anywa hataza zao na majina yao ya biashara katika nchi za adui; zilikuwa na haki ya kuogopa kwamba kila kitu kitakachotangazwa kitachukuliwa bila malipo. Lakini kwa upesi sababu ya biashara ilichanganyika na sababu ya siasa. Kwa mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 Ujerumani ilipokonywa makoloni yake yote: Tanganyika ikaangukia kwa Waingereza, Rwanda na Urundi kwa Wabelgiji, Kamerun ikagawanywa baina ya Wafaransa na Waingereza. Wajerumani waliambiwa kwamba hawakustahili kutawala watu wa Afrika. Sasa walikuwa na kitu ambacho watawala wapya hawakuwa nacho. Katika mkutano mmoja wa matabibu wa magonjwa ya nchi za joto uliofanyika Hamburg, msemaji mmoja alidai kwamba Bayer 205 ni ufunguo wa Afrika ya tropiki, na kwa hiyo ni ufunguo wa makoloni yote, na kwamba serikali ya Ujerumani inapaswa kuulinda. Maana ya maneno hayo ilieleweka London, Paris na Brussels: rudisheni nchi, nasi tutatoa dawa. Baadaye dawa hiyo iliitwa Germanin, ili hata jina lake liwe bendera.

Wakati huo huo Friedrich Kleine, aliyekuwa mwenzake Koch huko Sese, alitumwa Afrika na dawa hiyo. Kati ya 1921 na 1923 aliitumia Rhodesia na Kongo ya Wabelgiji, kwa ruhusa ya serikali zilizokuwa adui zake juzi, na aliona wagonjwa waliokuwa katika hali mbaya wakipona. Kwa hiyo dawa ilionekana kwa macho, bali mtu hakuweza kuifanya kwa mikono. Mwaka 1922 malale ilizuka Maswa, kaskazini ya Tanganyika, nayo ilikuwa ya ile namna iuayo upesi. Mgonjwa wa Maswa hakuwa na habari ya Versailles wala ya Elberfeld. Lakini kama angepewa kusikia yaliyosemwa Hamburg, angalijua kwamba uzima wake umewekwa katika mizani pamoja na mipaka ya nchi yake.

Mtu aliyeivunja mizani hiyo alikuwa mkemia wa Institut Pasteur aitwaye Ernest Fourneau. Alizaliwa Biarritz mwaka 1872, akasomea ufamasia, kisha akaenda Ujerumani kujifunza kemia ya viumbe vya kaboni kwa walimu wakuu wa wakati ule, naye Emil Fischer akiwa miongoni mwao. Aliporudi aliingia katika kampuni ya Poulenc, na mwaka 1904 alitoa dawa ya ganzi iliyochukua nafasi ya kokeini kwa kazi nyingi za upasuaji. Aliiita Stovaine, kwa kulitafsiri jina lake mwenyewe katika Kiingereza, maana fourneau ni jiko kwa Kifaransa. Mwaka 1911 Émile Roux alimkabidhi maabara ya kemia ya tiba katika Institut Pasteur. Fourneau aliamini kwamba Ufaransa imeachwa nyuma na Ujerumani, si kwa uhaba wa akili, bali kwa kukosa maabara ambamo mkemia na mpimaji wa wanyama hufanya kazi chini ya dari moja. Hicho ndicho alichokijenga, pamoja na wasaidizi kama Jacques Tréfouël, mkewe Thérèse, na Jean Vallée.

Fourneau hakuiba karatasi wala hakumhonga mtu. Alisoma hati za hataza. Hataza ni haki ya peke yake ambayo serikali humpa mvumbuzi kwa muda, kwa sharti kwamba aeleze alivyofanya. Na Bayer, kwa kutaka kulinda ukoo mzima wa yurea zile, ilikuwa imeeleza ndugu wengi wa 205 bila ya kumtaja 205 mwenyewe. Ilikuwa kama mtu afichaye mti mmoja kwa kuuacha katikati ya msitu. Fourneau alijua kutokana na maandishi ya matabibu tabia za kitu alichokitafuta: cheupe, chenye kuyeyuka, kisicho na madini, chenye kukaa sana katika damu. Alijua pia kazi ya Mesnil na Nicolle, iliyofanywa katika taasisi yake mwenyewe miaka kumi na minane kabla. Basi alianza kuutembea msitu ule mti kwa mti. Yeye na wenzake waliunga viumbe vya ukoo ule kwa mpango, wakibadili jambo moja tu kila mara, na kila kiumbe wakakipima kwa panya ili kuona uwiano wa kipimo kiponyacho na kipimo kiuacho.

Mpango huo ulifunua jambo lililowashangaza wakemia wote waliosoma habari zake. Katika kila bawa la molekuli, juu ya mojawapo ya pete mbili za benzini, pana nafasi ambapo hukaa tawi dogo la methili: atomi moja ya kaboni na tatu za hidrojeni. Katika molekuli iliyo na atomi zaidi ya mia moja, ni nani angalijali matawi mawili madogo kiasi hicho? Lakini yakiondolewa, dawa hupoteza sehemu kubwa kabisa ya nguvu yake. Kadhalika makundi ya salfa yakihamishwa kutoka mahali pake, nguvu hushuka. Kiumbe chenye matawi hayo na makundi hayo mahali pake, ambacho maabara ilikipa nambari 309, kilikuwa na kila tabia ya Bayer 205. Mwaka 1924 Fourneau, Jacques na Thérèse Tréfouël na Vallée walichapisha kazi yao yote: muundo, njia ya kuunga, na matokeo ya panya. Miaka michache baadaye haikubishwa tena kwamba 309 na 205 ni kitu kimoja. Ufunguo uliodaiwa kuwa wa Afrika nzima ulikuwa sasa umechongwa upya mbele ya watu wote.

Je, haki ilitendeka? Swali hili halikosi uzito. Kazi ya Dressel, Kothe, Heymann na Roehl ilichukua miaka mingi na mali nyingi. Fourneau aliwafuata kwa njia fupi, maana alikwisha kujua kwamba mwisho wa njia iko hazina. Tena sheria ya Ufaransa ya mwaka 1844 ilikataza dawa zisipewe hataza, kwa hoja kwamba uzima wa watu haufai kuwa miliki ya mtu mmoja. Basi kile ambacho Ujerumani kingeitwa unyang'anyi, Paris kilikuwa halali. Wala Fourneau hakuwa mtawa aliyejitenga na biashara: urafiki wake na nyumba ya Poulenc ulidumu, na dawa yake ikauzwa kwa jina la Moranyl. Wala nchi yake haikuwa na mikono mitupu katika Afrika. Kwa hiyo si sahihi kumfanya yeye malaika na wale mashetani. Hata hivyo tofauti moja inabaki. Ugunduzi wa Elberfeld, ungeliachwa kama ulivyotakiwa na wale wa Hamburg, ungalimfanya mgonjwa kuwa rehani. Ugunduzi wa Paris uliiondoa rehani hiyo. Na tangu hapo Waingereza waliifanya dawa hiyo kwa jina la Antrypol, na dunia ikaijua kwa jina la suramini.

Mtu asidhani kwamba ufunguo huo ulifungua milango yote. Molekuli ya suramini ni kubwa na imejaa asidi, nayo haipenyi kuingia katika ubongo. Kwa hiyo huponya ugonjwa wa mwanzo tu. Mgonjwa ambaye vimelea vimekwisha kuingia kichwani huhitaji dawa nyingine, na kwa muda mrefu dawa hizo zilikuwa za aseniki. Tryparsamide iliundwa na Walter Jacobs na Michael Heidelberger wa Rockefeller huko New York, na mwaka 1920 Louise Pearce aliipeleka Léopoldville akaijaribu. Iliokoa wengi, lakini ilirithi aibu ya ukoo wake: karibu na mwaka 1930, huko Bafia katika Kamerun ya Wafaransa, daktari mmoja aliongeza vipimo kupita kiasi, na mamia ya watu wakapofuka. Yaliyotokea Sese yalikuwa yamerudiwa, na katika nchi iliyotawaliwa na hao hao waliofichua siri ya 205. Suramini yenyewe si bila madhara, hasa kwa figo, na yataka uangalizi wa tabibu.

Siasa nayo haikuiacha dawa hiyo upesi. Mwaka 1943, wakati serikali ya Hitler ilipokuwa imekwisha kuanza kushindwa vitani, ilitolewa Ujerumani filamu iitwayo Germanin, iliyotengenezwa na Max Kimmich, shemeji yake Goebbels. Ndani yake Mjerumani huonyeshwa kuwa mwokozi wa Afrika na Mwingereza kuwa mzuizi wa wokovu. Hadithi hiyo ilikuja miaka karibu ishirini baada ya siri kufichuka, nayo haikuwa na nafasi ya Mesnil, ya Nicolle, wala ya Fourneau.

Maabara ya Paris ilirudia kazi ya namna hiyo mara nyingine, na marudio hayo yanathibitisha kwamba mafanikio ya 1924 hayakuwa ya bahati. Mwaka 1935 Gerhard Domagk wa Bayer alitangaza rangi nyekundu iitwayo Prontosil, iliyoponya maambukizo ya bakteria. Kabla mwaka huo haujakwisha, Jacques na Thérèse Tréfouël, pamoja na Federico Nitti na Daniel Bovet, katika maabara ya Fourneau, walionyesha kwamba rangi si kitu. Mwili huivunja molekuli, na nusu yake iliyo nyeupe ndiyo iponyayo. Nusu hiyo ni salfanilamidi, iliyojulikana kwa wakemia tangu 1908, ambayo hakuna aliyeweza kuimiliki. Kwa mara ya pili rangi ilikuwa imevuliwa na dawa ikabaki.

Karibu karne moja baada ya kuundwa kwake, suramini ilikuwa bado ndiyo dawa ya kwanza ya malale ya mashariki katika hatua yake ya mwanzo, jambo ambalo ni sifa kwa waliounda na lawama kwa waliokuja nyuma yao, maana kuna magonjwa machache duniani ambayo dawa yake haikubadilika kwa muda kama huo. Tangu mwaka 2002 Bayer imekuwa ikiitoa bure kwa Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2024 shirika hilo lilikubali vidonge vya feksinidazoli kutumika pia juu ya malale ya mashariki, ikiwa mgonjwa anafaa kwa dawa hiyo, na suramini ikabaki kwa wale wasiofaa. Tangu 2018 wagonjwa wanaoripotiwa duniani wamekuwa chini ya 1,000 kwa mwaka. Na hesabu hiyo, ikilinganishwa na makaburi ya Busoga na Sese, yatosha kuonyesha yaliyofanywa na wakemia, matabibu na wawindaji wa mbung'o kwa pamoja.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Habari ya Bayer 205 inaongeza kwamba mficha dawa naye hufichuliwa, ila hafichuliwi na kifo chake mwenyewe. Katika muda wa kusubiri, wanaokufa ni wengine. Siri ya molekuli si kama siri ya hazina iliyofukiwa, ambayo mwenye ramani hufa nayo. Molekuli hufuata kanuni zilizo sawa Elberfeld na Paris, na zitakazokuwa sawa Makerere na Dar es Salaam. Yeyote mwenye elimu, vyombo na subira aweza kuipita njia ile ile hatua kwa hatua na kufika. Kwa hiyo taifa lisilo na wakemia wake litakuwa likiomba daima, hata kama dawa imekwisha kufichuliwa na kuandikwa vitabuni. Maana Fourneau alichokuwa nacho mwaka 1924, ambacho watu wa Maswa hawakuwa nacho, ni maabara yenye watu waliofundishwa kusoma hati zile na kuunga yaliyoandikwa humo. Ufunguo haukuwa ule unga mweupe. Ufunguo ulikuwa ujuzi wa kuufanya, na ujuzi huo hupatikana kwa wale tu wanaoutafuta.